Shati la Mtu wa Saa Nne

Machi 4

Dada Kelele,

Leo mvua ya kwanza imenyesha, na kama kawaida yake imesubiri nimalize kuanika. Mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni. Nimekimbia nayo kifuani kama mtu anayeokoa watoto kwenye moto, na mke wangu amesimama mlangoni akicheka mpaka akashika ubavu.

Daftari hili nimelitoa kwenye vitu vyako. Ulikuwa umeandika ukurasa mmoja tu: betri, gundi, biskuti. Ukurasa huo nimeuacha ulivyo, naanzia wa pili. Mimi sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko jina la mteja kwenye kipande cha kitambaa, kwa hiyo usinicheke.

Ni miezi saba sasa tangu tukuzike. Watu wameacha kunipa pole, wameanza tena kunilaumu kuhusu kola zao.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Juzi alikuja mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa, viatu vimejaa vumbi, akauliza kama hapa ndipo kwa dobi, mdogo wake yule aliyeongoza "Mtu wa Saa Nne". Nikasema ndipo. Akanishika mikono yote miwili, na yote ilikuwa na povu. Anafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayosafisha filamu za zamani na kuzitoa upya, kwa ajili ya watu wanaozipenda kiasi cha kutaka kuzitunza kabatini. Sasa ni zamu ya filamu yako. Zitakuwa diski mbili, kijitabu cha picha na makala, na vyote vitaingia kwenye boksi gumu. Hilo neno boksi alilitaja mara nyingi hivi kwamba alipoondoka mke wangu alisema, "Yule Mama Boksi kasahau mwavuli." Jina limeshika.

Machi 5

Mvua. Soksi za watu zinaning'inia jikoni juu ya sufuria.

Machi 9

Mama Boksi amerudi kuchukua mwavuli na kanda zako. Ulipiga picha za siku kumi na tisa kwa kamera ya kuazima, na mabaki yote ulinipa mimi nitunze. Asubuhi niliburuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda ili nilifute vumbi, nikaanza kusoma maandishi yako juu ya kila kanda. "Siku ya kwanza, kitandani." "Siku ya pili, yule mbwa." Halafu nikafika kwenye moja iliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Siku ya tano. Dobi asisikie."

Dobi ni mimi. Hakukuwa na dobi mwingine.

Nimekaa nayo mkononi mpaka mke wangu akaniuliza kama ninaipima uzito. Kisha nimeiweka kwenye kabati la pasi, nyuma ya kopo la wanga. Mama Boksi nimempa zilizobaki, na sikumwambia kwamba moja haimo. Nisamehe.

Alipomaliza kupakia akasema, "Na lile shati, mzee? Tunataka picha yake ndiyo ikae juu ya boksi."

Nikamletea. Nimelitunza miaka ishirini na miwili, limekunjwa na karatasi katikati lisipige mikunjo. Akalifungua kama anafungua barua. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akalipeleka dirishani.

"Mzee, doa liko wapi?"

"Lilitoka."

"Lilitoka lini?"

Mke wangu akapaza sauti kutoka chumbani, "Muulize lilitoka mara ngapi!"

Nikasema chai imeiva. Ilikuwa bado hata haijawekwa motoni.

Machi 10

Mvua tangu alfajiri. Sina la kuanika, kwa hiyo acha niandike. Haya unayajua, lakini mimi sijawahi kuyasema mbele yako.

Hadithi yako yote ni ya siku moja. Mtu ameitwa kwenye usaili wa kazi saa nne asubuhi. Anavaa shati lake jeupe la pekee, kalamu inavuja mfukoni, na kila anayekutana naye njiani ana ushauri wake kuhusu lile doa. Watu wanacheka mpaka nusu ya filamu, halafu hawajui kwa nini wanalia.

Ulinipa kazi ya mavazi. Mchana nilikuwa dukani kwangu. Jioni nililetewa nguo, na asubuhi nilizirudisha. Siku ya nne jioni shati likaja na wino mfukoni. Hukuwa umenieleza hadithi, au ulinieleza na mimi sikuwa ninasikia, kwa maana Mama yetu alikuwa amefariki miezi miwili tu nyuma. Mimi nikaona ajali. Nikalifua. Spiriti kwanza, kisha sabuni ya mche, kisha kulisugua kwa kifundo cha mkono kama Mama alivyotufundisha. Likatoka jeupe pee. Nikalipiga pasi, nikajisifu.

Kesho yake jioni likarudi na wino tena. Nikasema moyoni, huyu mwigizaji wako tuliyemwita Staa ni mchafu kiasi gani? Nikalifua tena. Na tena. Karibu kila jioni mpaka siku ya mwisho.

Nilikuja kuelewa siku ya kuonyeshwa, nimekaa ukumbini mstari wa tatu. Doa lipo mlangoni. Kituoni halipo. Kwenye ngazi lipo. Ofisini halipo, na katikati ya swali la pili lipo. Nilitaka kuingia chini ya kiti. Wewe ulikuwa kando yangu. Ulimega biskuti gizani ukanipa kipande kikubwa, ukasema ndicho kidogo, kama ulivyofanya tangu utotoni. Hukusema kitu kingine.

Kisha yakaja magazeti. Doa linalokuja na kwenda! Ujasiri ulioje! Ukapewa tuzo. Wakikuuliza maana yake ulijibu, "Kila mtu aone lake." Nilijua ulikuwa unanifunika. Nikakuacha unifunike miaka ishirini na miwili, sikukuuliza hata siku moja kama ulinikasirikia. Sasa nina kanda imeandikwa Dobi asisikie.

Machi 16

Mama Boksi ameniletea makala ya Profesa mmoja wa mambo ya filamu, itakayoingia kwenye kijitabu, nisome kama ndugu wa marehemu. Kurasa kumi na nne. Kumi na moja ni za doa. Anasema doa ni aibu ya mtu maskini, ambayo huiona kubwa asubuhi, akaisahau akicheka, ikamrudia akitazamwa. Anasema hakuna mwongozaji mwingine aliyethubutu kuvunja mfuatano wa picha kwa makusudi namna hiyo. Ukurasa wa tisa umenitoa machozi.

Nimemsomea mke wangu akiwa anapanga vibanio.

"Maneno mazuri," akasema.

"Mazuri sana. Tatizo ni moja."

"Sabuni."

"Sabuni."

Akaweka vibanio chini. "Mume wangu, ukinyamaza boksi litatoka na uongo wako ndani. Ukisema, utaogopa watu watamcheka wifi yangu. Si ndivyo?"

Ndivyo.

Machi 17

Mvua. Suruali ya mwalimu mkuu haijakauka, siku ya tatu sasa. Amekuja kuichukua akiwa amevaa ya kaka yake.

Machi 23

Staa amekuja. Ana tumbo siku hizi na tanuri tatu za mikate. Bado wanawake sokoni wanamwita Saa Nne, naye hujifanya hapendi. Ameleta mkate wa moto ndani ya koti ili usilowe.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "huyu mumeo mbona amekonda? Unampa sabuni?"

"Hata sabuni haili siku hizi. Anainusa tu, anaitazama."

Walipomaliza kunisengenya mbele yangu, nikamwambia Staa kwamba tutakaa naye na Profesa kwenye chumba cha kurekodi, Aprili 6. Tutatazama filamu huku tunaongea, na anayenunua boksi akipenda atasikia sauti zetu juu ya picha.

"Najua. Nimenunua koti jipya."

"Ni sauti tu, Staa."

"Koti linasaidia sauti."

Kisha nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Siku ya tano kulikuwa na nini?"

Akaacha kutafuna. Akatazama mkate, akatazama mlango. "Dobi, mimi niulize mambo ya mikate." Akaaga. Hata chai hakuimaliza, na Staa unamjua, hajawahi kuacha chai.

Kumbe ilikuwa mbaya kiasi hicho.

Machi 30

Mama Boksi amepiga simu. Mpiga picha anakuja keshokutwa, boksi linaingia kiwandani katikati ya mwezi. Kwa upole akauliza kama doa haliwezi "kurejeshwa".

Nimenunua chupa ya wino. Nimetandika shati mezani, mfuko juu. Nimefungua chupa. Nimechovya kijiti. Mke wangu amekaa upande wa pili na mikono mashavuni kama yuko sinemani.

Dada, mkono umegoma. Nimeletewa kila uchafu na wateja wangu, lakini sijawahi kuchafua nguo kwa makusudi hata kitambaa cha pua. Kijiti kikaning'inia pale, tone likakua, likadondoka kwenye goti la suruali yangu.

"Hongera," akasema mke wangu. "Umeipata."

Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nimeifua suruali. Mke wangu akanitazama nikisugua, akasema tu, "Zamani ulikuwa na wimbo hapa." Nikamwambia sikumbuki wimbo wowote.

Aprili 1

Shati limepigwa picha likiwa jeupe. Mpiga picha kasema hajawahi kuona kola iliyonyooka vile. Mama Boksi hakucheka.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Nguo zote zinanuka kama mbwa wa siku ya pili.

Aprili 6

Chumba cha kurekodi ni kidogo, ukutani wamefunga magodoro. Tumekaa watatu mbele ya skrini, kila mmoja na kipaza sauti chake na vile visikilizio vya masikioni: mimi, Staa na koti lake, na Profesa, mtu mwembamba mpole aliyebeba makala yake kwenye faili la plastiki. Mama Boksi yuko nyuma ya kioo.

Sijaitazama filamu tangu ulipoondoka. Niliogopa nisiwe mtu wa kulia kwenye kipaza sauti. Lakini ilipoanza nikajikuta nacheka. Staa kijana, mwembamba kama kibanio, anatoka mlangoni kwa madaha na hajui kalamu inavuja. Halafu kwa mbali, nyuma ya mlango, sauti yako ikiwanyamazisha watu: "Kelele!" Hukuwahi kuikata. Wewe ndiye uliyepiga kelele kuliko wote uliowanyamazisha.

Tukafika kituoni. Profesa akasogea mbele, akatoa sauti ya darasani. "Na hapa, dakika ya ishirini na moja, doa linatoweka. Mwongozaji anatuuliza: aibu ya mtu huenda wapi?"

Staa akakohoa. Nilikuwa nimepanga kunyamaza, Dada, nakuapia. Nilikuwa nimeamua jana yake. Lakini nilikutazama pale kwenye kioo cha dirisha la kituo, dakika ile ile, kivuli chako na kamera begani, na nikaona siwezi kukaa kwenye boksi lako milele nikiwa mwongo.

Nikasema, "Ilikwenda kwenye beseni langu."

"Samahani?"

"Hilo doa. Nililifua."

Profesa akatazama skrini, akanitazama. "Dakika ya thelathini na nne?"

"Beseni."

"Na lile la kwenye ngazi?"

"Lile lilikuwa gumu. Lilihitaji spiriti mara mbili."

Staa akacheka mpaka visikilizio vikamdondoka. Nyuma ya kioo Mama Boksi alikuwa ameshika kichwa. Mimi nikaendelea, kwa sababu ukishalowa hukimbii tena. Nikasema, "Msimcheke dada yangu. Kosa ni langu peke yangu. Alipewa ndugu asiyejua kuacha nguo chafu, akatengeneza filamu nzuri hivyo hivyo. Kama mtacheka, mnicheke mimi."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Mzee wangu, nimeandika kurasa kumi na moja."

"Nimezisoma. Wa tisa uliniliza."

"Kweli?"

"Kweli. Ila si ndivyo ilivyokuwa."

Akafungua faili, akatazama ukurasa wa tisa kwa muda kama mtu anayeaga mgeni.

Hapo Staa akaacha kucheka. Akaniwekea mkono begani. "Dobi, mimi nilikula kiapo, nimekishika miaka ishirini na miwili, hata mke wangu hajui. Sasa umekifungua mwenyewe. Ile kanda ya siku ya tano iko wapi?"

Nikasema iko nyuma ya kopo la wanga.

Mama Boksi akabonyeza kitufe, sauti yake ikatujia masikioni taratibu: "Mzee, kuna kanda hujanipa?"

Aprili 7

Nimeipeleka mwenyewe, ndani ya mifuko miwili, chini ya koti la mvua. Mke wangu amekuja nami. Alisema hawezi kukosa.

Siandiki vizuri leo. Nitaandika nilichosikia tu.

Kamera inawaka. Staa amesimama uani, kola haijafungwa. Yeye anasema, "Kelele, shati limerudi jeupe." Watu wanacheka. Anayeshika taa anasema, "Nimtafute Dobi nimwambie aache." Kisha wewe unaingia kwenye picha, na kalamu sikioni, nywele zimejaa vumbi, mzima kabisa.

Ukasema: "Hakuna kwenda."

Ukasema: "Sikilizeni. Tangu Mama afariki mdogo wangu hajafungua mdomo. Ni ndiyo na hapana tu. Jana jioni nimepita nyuma ya duka lake, nimemkuta na hili shati kwenye beseni, anaimba. Ule wa Mama wa kufulia. Anaimba vibaya, lakini anaimba. Kwa hiyo doa litakuja na litaondoka. Atakayemwambia namtoa kwenye filamu. Hata wewe, Staa. Nitabandika masharubu niigize mwenyewe."

Mtu akauliza, "Na filamu je?"

Ukainua mabega. Ukachukua chupa ya wino, ukammiminia Staa mfukoni kwa uangalifu, ulimi nje, kama ulivyokuwa ukichora utotoni. Ukasema, "Tumpe kazi ya leo jioni."

Halafu: "Kelele! Tunapiga!" Kanda ikakatika.

Mke wangu alikuwa ameshika mkono wangu, na wa Mama Boksi pia. Mimi sikujua kwamba niliimba. Sikujua kwamba ulipita nyuma ya duka. Nilidhani miaka yote hii mimi ndiye niliyekuharibia, kumbe kila jioni ulinitumia lile doa makusudi, ili niimbe.

Profesa ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Naomba kufuta kurasa kumi," akasema. "Lakini niachieni wa tisa."

Nikamwambia abaki nao. Ni mzuri.

Mama Boksi akauliza kama anaweza kuiweka kanda hii kwenye diski ya pili. "Lakini umeandika asisikie," akasema, akionyesha wino mwekundu, kana kwamba niliandika mimi.

"Dobi ameshasikia," nikamjibu. "Iweke."

Aprili 19

Mvua kidogo. Suruali ya mwalimu mkuu imekauka. Ameikumbatia.

Mei 2

Anga imefunguka tangu asubuhi. Nimeanika mpaka kamba zimeisha, nikaazima ya jirani.

Mei 14

Boksi limefika.

Mama Boksi amelileta mwenyewe, viatu safi safari hii. Staa amekuja na mikate minne. Profesa ametuma salamu na kijitabu alichokitia sahihi ukurasa wa tisa.

Acha nikueleze lilivyo, maana ungetaka kujua. Juu yake kuna shati lako, mfuko mbele, na doa. Nikashtuka nikadhani wamechora. Mama Boksi akasema, "Livute, mzee." Kumbe boksi limevishwa ganda la plastiki linaloonyesha ndani, na doa limechapwa kwenye ganda. Ukilivuta, doa linabaki mkononi na shati linatoka jeupe. Ukilirudisha, doa limerudi. Staa amelivuta na kulirudisha kama mara arobaini. Mke wangu akamwambia ataliua boksi kabla hatujalitazama.

Nyuma ya kijitabu kuna majina ya walioitengeneza. Kwenye sehemu ya mavazi wameandika: "Ndugu wa mwongozaji, aliyeyatunza na kuyafua." Nimesoma mara nyingi. Mke wangu anasema nitaufuta wino kwa macho.

Walipoondoka nimerudi uani. Jua lilikuwa kali, mashuka yote yanapiga makofi kwenye kamba. Nimeinama kwenye beseni. Baada ya muda mke wangu akanijia mlangoni na kikombe.

"Unaimba," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Na vibaya."

Sikubisha. Nimemaliza shati la mtu, nikaja kuketi hapa na daftari lako. Ukurasa wa kwanza bado upo: betri, gundi, biskuti. Betri na gundi sina kazi nazo. Biskuti nimenunua. Nimemega moja, kipande kikubwa nimekiweka upande wako wa meza, nikasema ndicho kidogo.

Dada, huko uliko, ukimega yako, unikumbuke.